Jani la Mtawa, Mikono ya Wanawake

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1214, katika mji wa Kamakura, mtawala kijana wa Japani, shoguni Minamoto no Sanetomo, aliamka hajiwezi. Wahudumu walihangaika huku na huko, ingawa ugonjwa wenyewe haukuwa wa ajabu: usiku uliotangulia alikuwa amekunywa pombe kupita kiasi. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai, mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwapo kwa ajili ya maombi, aliagiza kikombe cha chai kutoka hekaluni kwake. Pamoja nacho akampelekea mkubwa yule maandishi yake mwenyewe ya kusifu fadhila za kinywaji hicho. Kumbukumbu za utawala wa Kamakura zinasema shoguni alifurahi sana.

Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza maarufu wa chai ya kijani nchini Japani alikuwa mwanamume mwenye hangova.

Leo ahadi za jani hilo zimehamia upande mwingine. Ukitazama maboksi ya chai ya kijani kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam au Nairobi, utaona yanazungumza na wanawake: kupunguza tumbo, kung'arisha ngozi, kuweka homoni sawa, kuzuia saratani ya matiti. Safari ya kutoka kwa shoguni mlevi hadi kwa mama anayesoma maandishi ya boksi ilichukua karne nane, na katika karibu kila kituo chake walikuwapo wanawake. Walichuma, walikaanga, waliuza, na hatimaye mmoja wao aliingia maabara kuliuliza jani lenyewe lina nini ndani.

Chai haikuwa ngeni kabisa wakati wa Eisai. Mwaka 815 mtawa mwingine, Eichu, alimwandalia Mfalme Saga kikombe cha chai, na jambo hilo likaandikwa katika historia rasmi ya ikulu. Baada ya hapo kinywaji kilififia. Eisai ndiye aliyekirudisha kwa kishindo: mwaka 1191 alitoka masomoni China akiwa na mbegu, na mtawa mwenzake Myoe akazipanda milimani karibu na Kyoto. Kutoka huko chai ikasambaa hadi Uji, mji ambao jina lake halitajwi tena nchini Japani bila kutaja chai. Mwaka 1211 Eisai aliandika kitabu kiitwacho Kissa Yojoki, kinachohusu kutunza uhai kwa kunywa chai. Hoja yake aliirithi kutoka kwa waganga wa China. Mwili una viungo vikuu vitano, na kila kiungo kina ladha kinayoipenda: ini hupenda uchachu, mapafu hupenda ukali, wengu hupenda utamu, figo hupenda chumvi, na moyo hupenda uchungu. Wajapani, alisema, hula kila ladha isipokuwa chungu, ndiyo maana mioyo yao ni dhaifu. Tiba ni chai.

Sehemu ya pili ya kitabu hicho inausifu mti wa mforsadi kama dawa ya maradhi kadhaa. Wauzaji wa chai hawana haja ya kuikumbuka sehemu hiyo.

Kwa karne kadhaa chai ya unga wa kijani ilibaki kinywaji cha watawa, makabaila na wapiganaji, na utaratibu wa heshima wa kuiandaa, uliofikishwa kileleni na Sen no Rikyu aliyefariki mwaka 1591, ulikuwa hasa uwanja wa wanaume. Watu wa kawaida walikunywa majani makavu yaliyochemshwa, ya rangi ya kahawia, yasiyo na sifa yoyote. Hata hiyo ya kahawia mke wa mkulima hakuachiwa ainywe kwa raha. Kuna waraka maarufu wa maagizo kwa wakulima, unaotajwa kuwa wa mwaka 1649, ingawa wanahistoria wa siku hizi wanautilia shaka mwaka huo. Waraka unataka mume ashike kazi ya shamba na mke ashike kazi ya kufuma. Kisha unaongeza kwamba mke anayekunywa chai nyingi na kupenda matembezi apewe talaka, hata akiwa mzuri wa sura.

Talaka kwa ajili ya chai! Mtu anajiuliza wangeachwa wangapi siku hizi.

Kinywaji tunachokiita leo chai ya kijani ya Japani, majani yaliyosokotwa kama sindano na kutoa maji ya rangi mbichi, kilipata sura yake mwaka 1738. Mkulima wa eneo la Uji, Nagatani Soen, alikuwa amehangaika miaka 15 akitafuta njia ya kuhifadhi rangi na harufu ya jani changa. Jibu lake lilikuwa kuyapitisha majani kwenye mvuke mara baada ya kuchumwa, kisha kuyasokota kwa mikono juu ya joto hadi yakauke. Alibeba mzigo wake kwa miguu hadi Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, na mfanyabiashara Yamamoto Kahei akauona uzuri wake. Mvuke ule ndio ufunguo wa mambo yote yatakayofuata. Jani la chai likivunjwa na kuachwa wazi, vimeng'enya vilivyomo huligeuza kuwa jekundu na hatimaye jeusi, na hiyo ndiyo chai ya Kericho, ya Limuru na ya Mufindi. Mvuke huviua vimeng'enya hivyo kabla havijaanza kazi. Mche ni uleule. Kinachotofautiana ni yale yanayotendeka katika saa za kwanza baada ya kuchumwa.

Na wachumaji walikuwa wanawake. Msimu mkubwa huangukia siku ya 88 tangu kuanza kwa majira ya kuchipua kwa kalenda ya zamani, yaani mwanzoni mwa Mei. Wasichana na kina mama walimiminika mashambani kwa majuma machache, mikono ya nguo zao imefungwa kwa ukanda mwekundu, wakichagua kikonyo na majani mawili matatu ya juu. Wachoraji waliwapenda; picha zao zilikuja kubandikwa kwenye masanduku ya chai ya kuuzwa ng'ambo. Ujira wao haukuonekana kwenye picha.

Aliyetoka nje ya picha kabisa ni Oura Kei wa Nagasaki. Alizaliwa mwaka 1828 katika familia ya wafanyabiashara wa mafuta iliyokuwa ikiporomoka, na moto mkubwa wa mwaka 1843 uliumaliza mtaji uliobaki. Inasimuliwa kwamba alitafutiwa mume wa kuingia nyumbani mwao na kusaidia duka, naye akamfukuza siku ya pili baada ya harusi. Hakuolewa tena. Mafuta yakiwa hayana faida, macho yake yalihamia bandarini, mahali pekee ambapo Japani ya wakati ule ilifanya biashara na Wazungu. Mwaka 1853 alimpa Mholanzi aitwaye Textor sampuli za chai ya eneo la Ureshino, akaomba zipelekwe Uingereza, Marekani na Uarabuni. Kisha akasubiri.

Miaka mitatu ikapita kimya. Ndipo, kwa mujibu wa masimulizi ya Nagasaki, akatokea mfanyabiashara Mwingereza, William Alt, akiwa na sampuli mkononi na oda kubwa ajabu. Ureshino peke yake haikuweza kuitosheleza, kwa hiyo Kei alizunguka kisiwa chote cha Kyushu akinunua chai kijiji kwa kijiji hadi akakusanya karibu tani 6, zikapakiwa melini kwenda Marekani. Ilikuwa sehemu ndogo tu ya oda, lakini njia ilikuwa imefunguka. Bandari nyingine zilipofunguliwa mwaka 1859, chai ikawa bidhaa ya pili ya Japani kwa mauzo ya nje, nyuma ya hariri, na mwanamke wa Nagasaki akawa miongoni mwa matajiri wake wa kwanza.

Mwaka 1871 alikubali kumdhamini mtu wa Kumamoto aliyepokea fedha za awali kwa ajili ya shehena ya tumbaku. Tumbaku haikufika, kesi ikamwangukia mdhamini, na Kei akalipa. Biashara yake haikurudia hali yake ya awali, ila heshima haikumtoka: Ulysses Grant, rais mstaafu wa Marekani, alipotia nanga Nagasaki mwaka 1879, Kei alikuwa miongoni mwa walioalikwa melini pamoja na maofisa wakubwa. Serikali ilimtunuku yeni 20 mwaka 1884, mwaka aliofariki.

Wakati Kei anahangaika na wadai wake, maelfu ya wanawake wasiojulikana majina walikuwa wakiikaanga chai hiyohiyo Yokohama na Kobe. Chai iliyotoka mashambani ilikuwa na unyevu mwingi mno kuweza kuvuka bahari bila kuoza. Makampuni ya kigeni yalijenga maghala yenye safu za makarai ya chuma juu ya moto wa mkaa, na wanawake wakasimama mbele yake kiangazi kizima wakiikoroga kwa mikono. Ndani ya makarai hayo yalitiwa pia mambo mengine. Wateja wa Marekani walitaka chai ya kijani iwe kijani kwelikweli, kwa hiyo ilipakwa rangi ya buluu iliyotengenezwa viwandani, ikachanganywa na jasi kuifanya ing'ae. Kelele za walaji zilipozidi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1883 kuzuia chai iliyochakachuliwa. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; chai hii ilikuwa njema tangu shambani, lakini ilivalishwa nguo za kibaya.

Mabinti wa tabaka la juu nao walikuwa wakiikaribia chai kwa mlango mwingine. Atomi Kakei alipofungua shule yake ya wasichana Tokyo mwaka 1875, adabu za kuandaa chai zilikuwa miongoni mwa masomo. Taratibu uwanja wa wanaume ukageuka: leo wanafunzi wengi wa sanaa hiyo nchini Japani ni wanawake.

Hadi hapo sayansi ilijua machache tu kuhusu kilichomo ndani ya chai ya kijani. Eisai alikuwa na nadharia ya uchungu, wafanyabiashara walikuwa na matangazo. Jibu kubwa lilitoka kwa mwanamke ambaye hata kiti cha mwanafunzi alinyimwa.

Tsujimura Michiyo alizaliwa tarehe 17 Septemba 1888 huko Okegawa, mkoa wa Saitama. Alisomea ualimu Tokyo, akafundishwa na Yasui Kono, mwanabiolojia ambaye baadaye, mwaka 1927, angekuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata udaktari wa sayansi. Mwalimu huyo alimwambukiza hamu ya utafiti. Tsujimura alifundisha shule za wasichana miaka kadhaa, lakini hamu haikuisha. Mwaka 1920 alifunga safari hadi kaskazini ya mbali, Chuo Kikuu cha Kifalme cha Hokkaido. Chuo hicho hakikuwa kikipokea wanafunzi wa kike. Miongoni mwa vyuo vikuu vya kifalme, wa kwanza kufungua milango ulikuwa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku mjini Sendai, kilichowapokea wanawake watatu mwaka 1913 na kuzua mjadala mkubwa. Huko Hokkaido walimruhusu awe msaidizi wa maabara bila mshahara. Akakubali, akaanza kuchunguza lishe ya viwavi wa hariri.

Miaka miwili baadaye alihamia maabara ya kemia ya tiba Tokyo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto liliuangusha mji na maabara yake. Angeweza kurudi kufundisha, na asingelaumiwa. Badala yake, Oktoba mwaka huohuo alijiunga na taasisi ya utafiti ya RIKEN, chini ya Suzuki Umetaro, mwanakemia aliyekuwa ameshatoa kwenye pumba za mchele kirutubisho tunachokiita leo vitamini B1. Kwa Suzuki, swali la mchana na usiku lilikuwa moja: chakula cha kila siku cha Mjapani kina siri gani? Tsujimura akakabidhiwa chai.

Mwaka 1924, akifanya kazi na mwenzake Miura Seitaro, alionyesha kwamba chai ya kijani ina vitamini C. Habari hiyo ilifika sokoni haraka kuliko kawaida ya habari za maabara. Soko la Marekani lilikuwa likiikimbia chai ya kijani na kuhamia chai nyeusi ya India na Ceylon, na wauzaji wa Japani walihitaji sababu ya kubaki mezani. Vitamini lilikuwa neno jipya lenye mvuto, na mauzo ya kwenda Amerika Kaskazini yakapata nguvu. Hapo ndipo afya ilipoingia rasmi katika biashara ya chai ya kijani ikiwa na cheti cha mkemia.

Yeye mwenyewe hakuishia kwenye vitamini. Aliendelea na uchungu, ile ladha ambayo Eisai aliamini moyo unaipenda. Mwaka 1929 alifaulu kutenga katekini katika chai ya kijani. Mwaka uliofuata akapata tanini ya chai katika umbo la fuwele. Kazi hizo zinahitaji subira isiyo ya kawaida, kwa sababu ni lundo la majani linalochemshwa, kuchujwa na kuchemshwa tena ili kupata punje chache tu za kitu safi. Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilimpa udaktari kwa tasnifu yake kuhusu viambato vya kikemikali vya chai ya kijani. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Japani kupata udaktari wa kilimo. Alikuwa na miaka 43, na ilikuwa imepita miaka 12 tangu aanze kazi bila mshahara. Baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Ochanomizu kilipoanzishwa mwaka 1949, akapewa tuzo ya sayansi ya kilimo ya Japani mwaka 1956, na alifariki tarehe 1 Juni 1969.

Katekini ndizo zinazobeba karibu madai yote ya kiafya tunayoyasikia leo. Kubwa kuliko zote inajulikana kwa kifupi kama EGCG. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini hubadilika na kuwa viambato vingine vinavyotoa rangi nyekundu. Katika chai ya kijani zinabaki, kwa sababu ya mvuke wa Nagatani. Kwenye mirija ya maabara EGCG hufanya maajabu: hupunguza kasi ya seli za saratani, hutuliza uvimbe, huzuia mafuta kuoza. Lakini mrija wa maabara hauna tumbo wala ini, na katekini nyingi tunazokunywa hupita mwilini bila kufyonzwa. Ilibidi watu wahesabiwe.

Hesabu iliyovuma kuliko zote ilitoka Tohoku, chuo kilekile kilichowafungulia wanawake mlango mwaka 1913. Watafiti wake waliwafuatilia wakazi 40,530 wa eneo la Ohsaki, mkoa wa Miyagi, wenye umri wa miaka 40 hadi 79, kwa muda wa hadi miaka 11. Matokeo yalichapishwa Marekani mwaka 2006. Wanawake waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha vifo kilichokuwa chini kwa asilimia 23 kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa wanaume tofauti ilikuwa asilimia 12. Kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, tofauti kwa wanawake ilifika asilimia 31, na kiharusi kilichangia sehemu kubwa yake. Moyo, basi. Yule mtawa hakuwa mbali sana, ingawa sababu zake zilikuwa nyingine kabisa.

Watu hao wa Ohsaki hawakupangiwa wanywe nini. Walinywa walivyozoea, kisha wakahesabiwa. Anayekunywa chai vikombe vitano huenda pia anakula samaki zaidi au ana muda wa kupumzika. Watafiti walijaribu kuondoa athari za mambo hayo, na walidhani faida ilionekana zaidi kwa wanawake kwa sababu wanaume wengi wa huko walivuta sigara. Jambo jingine ni ukubwa wa kikombe. Kikombe cha Miyagi ni kama mililita 100, hakina sukari wala maziwa. Vitano ni nusu lita, kiasi ambacho Mtanzania hukimaliza kwenye kikombe kimoja kikubwa cha asubuhi na nyongeza kidogo.

Upande wa saratani, Ohsaki haikuonyesha kitu. Vifo vya saratani havikupungua kwa wanywaji. Mwaka 2001 utafiti mwingine wa Miyagi, wa watu 26,311, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba chai ya kijani haikupunguza saratani ya tumbo, licha ya matumaini yaliyotokana na takwimu za vijiji vya wakulima wa chai vya Shizuoka. Kuhusu saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi kwenye maboksi, wanawake 53,793 wa Japani walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, na hakukuwa na uhusiano wowote kati ya kunywa chai hiyo na kuugua. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikuwa imeombwa kuruhusu dai hilo liandikwe kwenye bidhaa. Mwaka 2005 ilijibu kwamba kuna uwezekano mdogo sana kwamba chai ya kijani inapunguza hatari ya saratani ya matiti. Jibu halikuwazuia wauzaji wa mbali.

Dai la kupunguza unene linaanguka kwa urahisi zaidi. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliona kilo zinazopungua ni chache mno kiasi cha kutokuwa na maana kiafya.

Yapo mambo mawili yanayohusu wanawake ambako jani hili linastahili kusikilizwa. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kwa katekini za chai ya kijani kutibu vigwaru vya sehemu za siri. Ilikuwa dawa ya kwanza ya asili ya mimea kupita katika mfumo wao mpya wa dawa za kuandikiwa na daktari. Pili ni fibroidi, uvimbe wa mfuko wa uzazi unaowasumbua zaidi wanawake weusi. Katika jaribio la Misri lililochapishwa mwaka 2013, wanawake waliopewa miligramu 800 za dondoo la chai ya kijani kwa siku kwa miezi minne waliona uvimbe ukipungua kwa karibu theluthi moja, wakati wa wenzao waliopewa dawa bandia uliongezeka. Walioandikishwa walikuwa 39 tu. Idadi hiyo inatosha kuanzisha utafiti mkubwa zaidi, haitoshi kumfanya mtu aache kwenda kliniki.

Miligramu 800 si kikombe tena, ni vidonge, na vidonge vina habari zake. Huko Minnesota wanawake 1,075 waliokoma hedhi na wenye matiti yenye tishu nzito walishiriki jaribio la mwaka mzima. Nusu walimeza kila siku dondoo la chai lenye EGCG zaidi ya miligramu 840. Uzito wa tishu za matiti haukubadilika kwa jumla. Kolesteroli mbaya ilishuka kidogo. Lakini vipimo vya ini vilipanda kwa takribani asilimia 7 ya waliomeza dondoo, huku kwa wenzao wakiwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku vinaweza kudhuru ini. Chai ya kumimina kwenye kikombe haikuonekana na tatizo hilo.

Kwa mjamzito suala kubwa ni kafeini. Ushauri wa Ulaya ni isizidi miligramu 200 kwa siku. Chai ya kawaida ya kijani ya Japani ina kama miligramu 20 katika mililita 100, kwa hiyo vikombe vichache havimfikishi huko, lakini gyokuro, chai ya bei ghali inayokuzwa kivulini, inaweza kuwa na miligramu 160 kwa kiasi hichohicho, zaidi ya kahawa. Na yeyote anayekunywa, akiwa mjamzito au la, asiinywe ikichoma: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio.

Kisha kuna suala la damu. Tanini, ile aliyoipata Tsujimura katika fuwele mwaka 1930, hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na nafaka, na kuyazuia yasiingie mwilini. Chuma cha nyama hakiathiriki sana. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu wanawake 3 katika 10 wenye umri wa kuzaa duniani wana upungufu wa damu, na wengi wao hutegemea mimea hiyohiyo kupata chuma. Hili haliihusu chai ya kijani peke yake. Chai ya rangi na chai ya maziwa zinazonywewa pamoja na chapati na maharage kutoka Mombasa hadi Mbeya zina tabia hiyo pia. Jaribio dogo la wanawake wenye afya huko Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017, lilipima jambo hilo kwa chai nyeusi: iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya theluthi moja, na iliyonywewa saa moja baada ya kula ilipunguza kwa karibu nusu tu ya kiasi hicho. Mama mwenye upungufu wa damu hahitaji kuiacha chai yake, ya kijani au ya rangi. Ale kwanza, aoshe vyombo, ndipo abandike maji.